Mgeni Ajulikane Kwanza: Mwongozo kwa Anayewasaidia Wageni Kupata Kazi Turkana

Mwongozo huu ni wako wewe uliyeingia kazi ya kuwasaidia wageni watulie na wajipatie riziki. Huenda umeajiriwa na shirika pale Kakuma, huenda unakaa kwenye dawati la kaunti Lodwar, au ni mzee wa kijiji Katilu ambaye watu humpelekea wageni ingawa hana mshahara wala ofisi. Vyeo vinatofautiana, lakini kazi ni ile ile: mtu amefika mahali asipomjua yeyote, ana watoto wa kulisha, na anataka kujitegemea.

Nimeifanya kazi hii kwa sehemu kubwa ya maisha yangu, na kuna jambo moja ninalotaka ulishike kabla ya mengine yote. Mara nyingi mgeni anakosa kazi kwa kuwa hajulikani. Ofisi haimjui, kwa hiyo haimruhusu. Mwajiri hajaona kazi ya mikono yake, kwa hiyo hamwamini. Jirani hajui nia yake, kwa hiyo anamwogopa. Kila hatua utakayoisoma hapa inalenga kumfanya ajulikane kwa mmoja wa hao watatu. Ukiiruka hata moja, mafunzo yote utakayompa yataishia kwenye cheti kinachokunjwa na kuwekwa chini ya godoro.

Anza kwa kujifunza Katilu

Kabla hujamshauri mtu yeyote, nenda Katilu ukatembee kando ya mifereji. Wengi hudhani habari ya kuwapa wageni makao Turkana ilianza na wakimbizi wa mwaka 1992. Ilianza mapema zaidi. Tangu miaka ya 1960, serikali pamoja na Shirika la Chakula na Kilimo (FAO) zilianzisha mashamba ya kumwagilia kando ya mto Turkwel kwa ajili ya wafugaji waliopoteza mifugo, na Katilu ikawa mojawapo ya miradi hiyo. Kando ya mto huo walikuwepo tayari watu wa Ngikebootok, waliolima mtama tangu zamani. Kwa hiyo hata pale ambapo wote ni Waturkana, walikuwepo wenyeji na walikuwepo wageni.

Katilu inafundisha mambo mawili. La kwanza ni kwamba mtu hafuti maisha yake ya zamani kwa sababu amepewa kipande cha shamba. Familia zilizopewa mashamba hazikuacha kuwa za wafugaji. Mtoto mmoja alibaki na ndugu wenye mbuzi, na mavuno yakiwa mazuri, pesa ya mahindi ilinunua mbuzi. Ofisa asiyeelewa hayo huona uvivu, kumbe ni hesabu za mtu aliyeshuhudia ukame na anajua mvua itakosekana tena. Mwaka 1983 watafiti Vigdis Broch-Due na Frode Storås walichunguza uchumi wa kaya za Katilu, na swali lao linafaa kuwa lako kila unapokutana na mgeni: ni nini hasa kinachomzuia mtu huyu asishiriki na asizalishe zaidi?

La pili ni kwamba shamba bila maji, bila njia ya soko na bila makubaliano na aliyekutangulia ni mzigo. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Jembe tunaligawa kwa urahisi. Kinachosahaulika ni kuuliza atalima wapi, kwa maji ya nani, na atamuuzia nani.

Jifunze pia kwa majirani, ila usiige bila kupima. Nchini Tanzania, Warundi waliokimbia mauaji ya mwaka 1972 walipewa ardhi katika makazi ya Katumba, Mishamo na Ulyankulu, wakalima hadi wakajilisha na kuuza, na mwaka 2014 wapatao 162,000 kati yao na watoto wao walipewa uraia. Hilo liliwezekana kwenye ardhi yenye mvua. Kwetu mvua ni chache, na ardhi nje ya mito ni ya malisho, tena ni ya jamii. Ndiyo maana hapa riziki ya mgeni hutoka zaidi kwenye biashara, ufundi na huduma, na kilimo kinakuja kama nyongeza pale maji yanapopatikana.

Ijue sheria unayoisimamia

Kambi ya Kakuma ilifunguliwa mwaka 1992, ilipowapokea vijana wa Sudan Kusini waliotimuliwa Ethiopia baada ya serikali ya Mengistu kuanguka mwaka 1991. Leo Kakuma pamoja na makazi ya Kalobeyei, yaliyoanzishwa karibu na mwaka 2016 ili wakimbizi na wenyeji watumie huduma pamoja, vina watu karibu 300,000. Wametoka Sudan Kusini, Somalia, Kongo, Burundi, Ethiopia, Sudan na kwingineko. Kwa muda mrefu sera ilikuwa kumweka mgeni kambini na kumlisha. Mtu angeweza kuzaliwa Kakuma, akasoma hadi kidato cha nne, na bado asiruhusiwe kwenda Lodwar bila pasi.

Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2021, iliyoanza kutumika Februari 2022, ilifungua mlango. Kifungu cha 28 kinampa mkimbizi aliyetambuliwa haki ya kufanya kazi, kufungua biashara, au kufanya taaluma yake ikiwa sifa zake zimetambuliwa na mamlaka za Kenya. Machi 2025 serikali ikazindua Mpango wa Shirika, unaokusudia kuzigeuza kambi ziwe makazi ya kawaida ambamo mgeni na mwenyeji wanahudumiwa pamoja. Soma kifungu hicho mwenyewe hadi uweze kukieleza kwa Kiswahili chepesi ukiwa umesimama kwenye duka la mwajiri. Waajiri wengi hawawachukii wakimbizi. Wanaogopa kukamatwa, na hofu hiyo huondolewa na mtu anayeijua sheria.

Lakini usimwambie mgeni kwamba mlango umefunguka wote. Pasi ya kusafiri bado inahitajika katika hali nyingi, na vibali bado vinachukua muda. Ukimwahidi kisichokuwepo, atakujua wewe kuwa mwongo kabla hajaijua haki yake.

Karatasi: tazama jina kabla ya yote

Siku ya kwanza mkae na mgeni, mweke karatasi zake zote mezani. Wengi huja na manifesti ya usajili, kitambulisho cha mkimbizi ambacho watu hukiita eliani, cheti cha shule kutoka kwao, na labda cheti cha mafunzo ya miezi mitatu. Usianze kwa kuuliza anataka kazi gani. Soma jina, herufi kwa herufi, kwenye kila karatasi.

Utashangaa. Msichana wa Kinuer ameandikwa Nyakuoth kwenye manifesti na Nyakoth kwenye cheti cha shule. Msomali ana majina matatu, na karani mmoja alianza na la babu. Mkongo anaandika jina la ukoo kwanza, na mfumo umeligeuza likawa jina lake la kuitwa. Wengi wameandikwa kuwa walizaliwa tarehe 1 Januari, kwa sababu siku waliyosajiliwa hawakuwa na tarehe nyingine ya kutaja. Makosa haya yanaonekana madogo hadi siku laini ya simu inapokataa kusajiliwa, au pesa ya mshahara inaporudi kwa mwajiri kwa kuwa jina la M-Pesa halilingani na la mkataba.

Kwa hiyo fuata utaratibu huu:

1. Chagua karatasi moja iwe msingi. Kwa kawaida ni ile iliyotolewa na Idara ya Huduma za Wakimbizi (DRS), kwa sababu ndiyo itakayotazamwa na ofisi nyingine zote.

2. Orodhesha tofauti zote kwenye karatasi moja, umpeleke mgeni kuomba marekebisho kwa mpigo mmoja. Akienda kurekebisha moja moja, atazunguka mwaka mzima.

3. Kitambulisho kikiwa sawa, aombe namba ya mlipakodi ya KRA. Mwajiri rasmi ataidai, na itamfaa siku atakapotaka kufungua akaunti au kusajili biashara.

4. Piga picha ya kila karatasi na uihifadhi kwenye simu yake na kwa mtu mmoja anayemwamini. Nyumba za turubai huungua, na mafuriko ya lagha, yaani mito ya msimu, hubeba masanduku.

5. Andika tarehe ya kumalizika kwa kila kibali, na umkumbushe mapema.

Tafadhali usimtumie mtoto wake kuwa mkalimani katika mazungumzo haya. Mama hatasema mbele ya mwanawe sababu iliyomkimbiza, na mara nyingi sababu hiyo ndiyo inayoeleza kwa nini hana vyeti.

Uliza alivyokuwa akiishi

Ukimuuliza mgeni, "Una ujuzi gani?" atakujibu hana. Amezoea fomu, na fomu hutaka cheti. Uliza siku yake ilivyokuwa huko alikotoka. Nakupa mfano wa mazungumzo ya aina hii, ambayo nimeyafanya mara nyingi na akina mama wa Kikongo kutoka pwani ya Ziwa Tanganyika.

"Mama, kule kwenu ulikuwa ukifanya kazi gani?"

"Sina kazi, mwanangu. Nilikaa tu nyumbani."

"Sawa, mama. Na asubuhi, kabla jua halijapanda, ulikuwa wapi?"

"Ziwani. Kungojea mitumbwi."

"Ukifika ulifanya nini?"

Hapo mama anakaa vizuri kwenye kiti. Anaeleza jinsi ya kufunua shavu la samaki na kutazama wekundu wake. Anaeleza kiasi cha chumvi wakati wa jua kali na wakati wa mawingu, na jinsi moshi wa kuni mbichi unavyoharibu samaki. Anataja bei za msimu wa neema na za msimu wa njaa, anamtaja aliyekuwa akimkopesha, na anaonyesha jinsi alivyohesabu hasara ya samaki waliovunjika njiani. Huyo ni mfanyabiashara wa samaki mwenye ujuzi wa kuhifadhi chakula, kukopa, kupanga bei na kuhesabu. Na yuko katika kaunti yenye Ziwa Turkana, ambako samaki hukaushwa Kalokol, na soko la Wakongo wenzake liko hapo hapo kambini. Kilichobaki ni kumkutanisha na mama wa Kiturkana anayeleta samaki, na mtu wa tatu wa kushuhudia makubaliano yao.

Andika majibu ya namna hiyo kwa maneno ya mgeni mwenyewe. Usiandike "hana ujuzi" kwenye daftari la mtu uliyeongea naye kwa dakika tano.

Ujuzi wake uonekane

Ujuzi ukishajulikana kwako, lazima uonekane kwa mwingine. Hapa njia zinagawanyika kulingana na aina ya kazi.

Kwa fundi wa mikono, njia bora ni mtihani wa ufundi wa serikali unaosimamiwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Mafunzo ya Viwandani (NITA), wenye daraja la tatu, la pili na la kwanza. Mtihani huo hutazama kazi ya mikono. Fundi wa kuchomelea aliyejifunza gereji ya Bujumbura bila kukanyaga chuo anaweza kuanza na daraja la tatu na kupanda. Kama anahitaji kunolewa kwanza, Kakuma kuna chuo cha ufundi cha Don Bosco, ambacho Wasalesiani wamekiendesha tangu miaka ya 1990. Usimrudishe darasani fundi ambaye tayari anajua kazi. Mpeleke kwenye mtihani.

Kwa mwenye vyeti vya shule au chuo kutoka nje, kuna Baraza la Mitihani la Kenya (KNEC), Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu (CUE) na Mamlaka ya Kitaifa ya Sifa za Elimu (KNQA). Uliza kwanza ni ipi inayoshughulikia cheti cha aina hiyo kabla hajalipa chochote. Muuguzi na mwalimu wana hatua ya ziada, kwa sababu lazima wasajiliwe na bodi za taaluma zao. Waambie ukweli kuhusu urefu wa safari hiyo, na uwatafutie kazi ya karibu na taaluma yao wakati wanangoja. Daktari anayeuza vocha kwa miaka mitano bila kugusa mgonjwa hupoteza zaidi ya mshahara.

Kwa wote, omba mwajiri ampe siku chache za majaribio zenye malipo. Simama kwenye neno hilo la malipo. Fundi cherehani akishona suruali mbili mbele ya mwenye duka Lodwar, mwenye duka hahitaji barua yako tena. Lakini majaribio ya wiki nne bila senti ni kazi ya bure, na ukiyakubali mara moja waajiri wote watayataka.

Ajira, kibali na ujira

Mwajiri akikubali, kuna kibali cha kazi daraja la M, kilichowekwa kwa ajili ya wakimbizi, nacho hakilipiwi ada. Maombi huambatana na barua ya mwajiri, kitambulisho cha mkimbizi na barua ya DRS. Utaona tatizo mara moja: mwajiri anataka kibali kabla hajaandika barua, na ofisi inataka barua kabla haijatoa kibali. Wewe ndiye wa kukata mduara huo. Mwendee mwajiri na barua iliyoandikwa tayari, inayosema kwamba atamwajiri fulani kwa kazi fulani mara kibali kitakapotoka. Akiona barua haimfungi kabla ya wakati, atatia sahihi.

Kisha tazama mkataba. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 haibagui kati ya Mkenya na mkimbizi katika haki ya kulipwa kazi iliyofanywa. Kazi ya miezi mitatu au zaidi inahitaji mkataba wa maandishi. Mfundishe mgeni kusoma mambo manne kwenye mkataba wake: kiasi cha mshahara, siku ya kulipwa, makato, na notisi. Mfundishe pia kuweka kumbukumbu ya siku alizofanya kazi. Mwajiri akimdhulumu, mpeleke kwa ofisa wa kazi wa kaunti na kumbukumbu hizo mkononi.

Kuna suala la insentivu ambalo lazima tulizungumze waziwazi. Kwa miaka mingi wakimbizi wanaofanya kazi kwenye mashirika wamelipwa posho inayoitwa insentivu, ambayo ni ndogo mno ukilinganisha na mshahara wa Mkenya anayefanya kazi ile ile meza ya pili. Mwalimu mkimbizi anafundisha darasa lenye watoto wengi kuliko madawati na kupokea posho isiyomfikisha mwisho wa mwezi. Usimzuie kuichukua, kwa sababu inampa uzoefu na watu wa kumdhamini. Lakini usiihesabu kama kazi aliyopata. Kwenye ripoti yako iandike kwa jina lake, na uendelee kumtafutia ajira yenye mkataba.

Biashara: mtaji wa kwanza ni watu

Wengi zaidi watajiajiri. Mwaka 2018 Shirika la Fedha la Kimataifa (IFC) lilichapisha utafiti uliokadiria uchumi wa Kakuma kuwa dola milioni 56 kwa mwaka, na biashara zaidi ya 2,000. Anayetembea barabara za Kakuma 1 huona ukweli wa hesabu hizo: maduka ya jumla ya Wasomali, mikate na kahawa ya Waethiopia, vinyozi na mafundi cherehani wa Kongo, na Waturkana wanaoleta mbuzi, kuni na makaa.

Kabla ya kumpeleka mgeni kuomba mkopo, mwingize kwenye kikundi cha kuweka akiba. Kila jamii ina chake: Wasomali wana hagbad, Waethiopia wana ikubi, Wakongo wana likelemba, Wasudan wana sanduku, na sisi tuna chama. Akichanga bila kukosa kwa miezi sita, tayari ana watu wa kusema kwamba hutimiza neno lake. Baada ya hapo benki na mashirika ya kukuza biashara kama Inkomoko yatamsikiliza kwa sikio jingine.

Muulize maswali haya kabla hajanunua mzigo: Nani atanunua wiki ya mwisho ya mwezi? Ukikopesha, utajuaje nani hawezi kulipa? Bidhaa inatoka wapi, na barabara ikikatika una akiba ya siku ngapi? Leseni ya kaunti umekata? Swali la pili ndilo linaloua maduka mengi ya kambini. Mwaka 2025 mgao wa chakula ulipopunguzwa hadi chini ya theluthi ya kiwango kamili, wateja waliokuwa wakikopa kwa kutegemea mgao walishindwa kulipa, na wenye maduka wakabaki na madaftari ya madeni. Agosti mwaka huo familia ziligawanywa katika makundi manne kulingana na hali zao, na kundi la nne likaonekana linajitegemea, likatolewa kwenye mgao. Kwa hiyo mfundishe mgeni wako kuuza hata kwa watu wasioishi kwa mgao: Kakuma mjini, Lokichoggio, Lodwar. Biashara inayowategemea wapokea mgao peke yao huanguka siku mgao unapoanguka.

Mwenyeji ashirikishwe tangu siku ya kwanza

Hesabu ya watu ya mwaka 2019 ilikuta wakazi 926,976 Turkana, na wengi wao wanaishi kwa taabu ile ile inayowakuta wageni. Kijana wa Kiturkana aliyemaliza shule na hana kazi akiona mafunzo, mikopo na ajira vinaelekezwa kambini tu, usimlaumu kwa kukasirika. Kusini kwetu tuliona jambo hilo kwenye mafuta. Mwaka 2012 mafuta yaligunduliwa karibu na Lokichar, na Oktoba 2013 kampuni ya Tullow ikasimamisha shughuli kwa muda baada ya wananchi kuandamana kudai ajira na manufaa. Watu hawakukataa mafuta. Walidai kuhesabiwa.

Kwa hiyo kila unapopanga jambo kwa wageni, panga na wenyeji katika jambo hilo hilo. Darasa la kushona liwe na Mkongo na Mturkana kwenye mashine zinazopakana. Kikundi cha biashara kisajiliwe na wanachama wa pande zote. Ukileta mgeni kufanya kazi mashambani Katilu, usimwendee mwenye shamba peke yake. Pitia kamati ya mradi na chifu, waketi wazee chini ya mti, mgeni asimame aseme ametoka wapi na anajua nini, na makubaliano ya ujira na maji yasemwe mbele ya watu. Ulizia pia usalama wa wakati huo upande wa Kainuk, kwa sababu uvamizi wa wezi wa mifugo haubagui mgeni na mwenyeji, na mgeni hajui njia ya kukimbilia.

Mfundishe mgeni salamu. Anayeingia bomani na kusema "Ejok" kabla ya kueleza shida yake hupewa kigoda na kusikilizwa. Na ulinde riziki ambazo tayari zimegawanywa. Kuni na makaa ni mkate wa akina mama wa Kiturkana, na mgeni akienda kukata miti mwenyewe anahatarisha usalama wake na kumnyang'anya jirani mteja.

Anayetaka kwenda mbali

Wapo wanaotazama nje ya Turkana, na ni haki yao. Mambo mawili yaeleze kwa makini.

Kwanza, Sheria ya 2021 inamruhusu mkimbizi anayetoka nchi ya Jumuiya ya Afrika Mashariki aache kwa hiari hadhi ya ukimbizi na aishi Kenya kwa kutumia haki za Jumuiya. Sudan Kusini iliingia mwaka 2016, Kongo mwaka 2022 na Somalia mwaka 2024, kwa hiyo njia hiyo inawagusa wengi wa Kakuma. Usimsukume mtu kuichukua. Aliyekimbia kuuawa na serikali yake anahitaji ulinzi wa ukimbizi, na njia hiyo humtaka arudi kuomba hati kwa serikali ile ile. Apate ushauri wa mwanasheria kwanza.

Pili, zimekuwepo njia halali za kazi nje, kama mpango wa Kanada ulioanza mwaka 2018 wa kuwapokea wakimbizi wenye ujuzi wanaohitajika. Nafasi ni chache na masharti ni magumu. Mwambie mgeni mara tatu, na mwandikie: hakuna anayelipia kuhamishwa kwenda nchi ya tatu kupitia UNHCR. Anayetaka pesa ili kuweka jina kwenye orodha ni mwizi, hata akiwa amevaa beji.

Linda jina lako

Katika kazi hii jina lako ndilo chombo chako. Usipokee zawadi kutoka kwa unayemtafutia kazi, hata kuku. Usimpe ndugu yako nafasi kisha uandike kwamba ilitangazwa. Siri uliyoambiwa usiibebe sokoni. Mrudie kila uliyemsaidia baada ya mwezi mmoja na baada ya miezi mitatu, kwa sababu hapo ndipo utajua kama amelipwa, kama amebaki, na kama mwajiri anataka mwingine.

Ujue pia kwamba miradi hufungwa. Mwanzoni mwa mwaka 2025 Marekani ilipokata misaada yake, ofisi nyingi Kakuma zilipunguza watu kwa wiki chache. Kilichobaki ni kile kilichokuwa kimewekwa mikononi mwa watu wenyewe: kikundi cha akiba kinachojiendesha, fundi anayemfundisha mwenzake, mwenye duka Lodwar anayempigia simu moja kwa moja mgeni aliyemfanyia kazi vizuri. Pima kila unalolifanya kwa swali hili: nikiondoka kesho, nani atajuana na nani?

Pa kuanzia wiki hii

Chagua wageni watatu kati ya wale ulio nao. Kagua majina yao kwenye karatasi zote, na uorodheshe makosa. Kaa na kila mmoja kwa saa nzima, muulize siku yake ilivyokuwa huko alikotoka, na uandike majibu kwa maneno yake. Nenda kwa waajiri watano Lodwar au Kakuma mjini ukiwa na kifungu cha 28 na mfano wa barua mkononi, uwaulize ni kazi gani inayowashinda kupata mtu. Mtembelee chifu na mzee mmoja, uwaambie unachofanya na kwa nini vijana wao wamo. Wiki ijayo, mkutanishe mgeni mmoja na mwajiri mmoja, nawe ukiwepo kuwatambulisha. Wakishafahamiana na kazi ikaanza, waache waendelee, umshughulikie anayefuata.